Moyo ukienda mbio siku ya mtihani wa kuimba



Mwezi huu mtatusamehe, hatuanzi na habari za mgao wala za kadi. Tumekuja na habari ya hofu. Si ile hofu mnayoifikiri, hiyo kila mtu hapa anaijua na hahitaji jarida limweleze. Ni hofu nyingine ndogo, ile inayomkamata mtoto akisimama peke yake mbele ya watu watatu waliokaa nyuma ya meza, na mmoja wao anamwambia, "Haya, tuimbie."

Wiki chache zilizopita wawili wetu tulipata karatasi ya kutoka kambini, tukaenda Bujumbura kwa shughuli nyingine kabisa. Tulilala Buterere kwa mama mmoja fundi wa cherehani. Wengi wenu mnamkumbuka, maana alishonea korali za hapa sare kabla hajahamia mjini. Jina lake hatulitaji, mwenyewe ameomba hivyo kwa ajili ya binti yake. Humu tutamwita Mama Fundi.

Kwa wale ambao hawajafika huko: Buterere iko kaskazini mwa mji, upande wa uwanja wa ndege. Ni tambarare, mvua ikinyesha sana maji yanaingia hadi chini ya kitanda. Jaa la taka la mji liko huko huko, na upepo ukigeuka unafunga dirisha hata kama kuna joto. Barabarani watu wanasema Kirundi. Ukifungua mdomo na Kiswahili cha kwetu cha Kivu, basi kila mtu anajua umevuka kutoka wapi.

Tulimkuta binti wa Mama Fundi, mwenye miaka 14, amesimama uani na bido ya maji kichwani, anaimba. Tukafikiri ni furaha tu ya mtoto. Kumbe alikuwa kazini.

Mwaka jana alikimbia

Mjini kuna korali moja ya vijana ambayo kila mwaka inachukua watoto wachache wapya. Ukiingia unafundishwa Jumamosi kusoma nota, kupiga kinanda, kuimba kwa sauti nne, na hulipi kitu. Kwa familia ambayo minervali ya shule peke yake inaitoa jasho, hiyo si habari ndogo. Lakini nafasi ni chache na watoto ni wengi, kwa hiyo kuna mtihani wa sauti.

Mwaka jana binti alikwenda. Nyumbani alikuwa anaimba vizuri, majirani wote ni mashahidi. Alipoitwa aliingia, akataja jina lake, akaanza wimbo juu mno kuliko alivyozoea. Ubeti wa kwanza ukapita kwa taabu. Wa pili ukapanda zaidi, sauti ikapasuka. Mmoja wa wale waliokaa mezani akacheka. Huenda hakumcheka yeye, huenda alikumbuka jambo lake, hatujui. Binti aliweka karatasi chini akatoka nje, akatembea kwa miguu mpaka Buterere. Miezi mitatu hakuimba, hata akiosha vyombo.

"Nilimuuliza, mwanangu, ulikuwa unaogopa nini, wale watu watakula wewe?" Mama Fundi alitueleza. "Akaniambia, mama, moyo ilikuwa inapiga kama siku ile tulikimbia."

Hapo tulinyamaza wote. Na hapo ndipo tuliona jambo hili linafaa kuandikwa, maana watoto wa namna hiyo wako wengi hapa kambini, na wazazi wengi wanawaambia tu "usiogope" kisha wanaendelea na kazi. Sisi pia tumeshasema hivyo. "Usiogope" haijamsaidia mtu.

Mwili hauna hofu za aina mbili

Muuguzi mmoja tuliyezungumza naye alitufafanulia kwa maneno mepesi. Juu ya figo kuna tezi ndogo mbili. Mtu akiona hatari, tezi hizo zinamwaga ndani ya damu kitu kinachoitwa adrenalini. Moyo unakwenda mbio ili damu ifike haraka kwenye miguu na mikono mikubwa, ile ya kukimbia na kupigana. Damu inaondoka kwenye ngozi, kwa hiyo vidole vinakuwa baridi. Tumbo linasimamisha kazi yake, ndiyo maana unahisi kichefuchefu au unataka choo. Mate yanapungua, mdomo unakauka. Misuli ya shingo na koo inakaza.

Yote hayo ni msaada mzuri sana kama kuna simba, au kama kuna risasi. Shida ni kwamba mwili haujui kutofautisha. Watu watatu na kalamu mezani, mwili unawahesabu kama hatari, unafungulia dawa ile ile. Na mtoto aliyewahi kukimbia kweli usiku, mwili wake unaukumbuka ule usiku haraka zaidi. Moyo ukianza tu kudunda, kichwa kinasema, "Aa, ni ile tena." Kwa hiyo anaogopa watu wa mezani, halafu anaogopa ule moyo wenyewe. Hofu juu ya hofu.

Angalieni pia jambo la koo. Koo likikaza, sauti inapanda. Binti wa Mama Fundi hakuanza juu kwa sababu hajui wimbo. Alianza juu kwa sababu koo lilikuwa limekaza na yeye hakujua.

(Kama mtoto wako halali, anaota ndoto za vita, anashtuka kwa kila kelele, hiyo si hofu ya kuimba. Nendeni kituo cha afya mkaseme. Si aibu.)

Mzee wa korali na bido ya maji

Jirani ya Mama Fundi kuna mzee aliyefundisha korali Uvira kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyesimamia mazoezi mwaka huu, wiki sita kabla ya mtihani. Tulikaa naye jioni nzima, na tunakiri alitubadilisha mawazo. Sisi tulidhani kazi ni kumwondolea mtoto hofu. Mzee alicheka. "Hofu haiondoki. Mimi nimesimama mbele ya korali miaka yote hiyo, kila Jumapili tumbo linanikata. Mtoto hapaswi kufanya mazoezi ya wimbo tu. Afanye mazoezi ya hofu."

Ndiyo ile bido. Kila siku binti anachota maji robineti, anabeba bido mpaka uani, moyo unadunda, pumzi fupi. Hapo hapo, bila kupumzika, anaanza wimbo. Siku za kwanza aliimba vibaya sana, anakata maneno katikati. Wiki ya tatu alijifunza kuvuta pumzi chini, tumboni, na kuitoa polepole kabla ya neno la kwanza. Mzee anamhesabia: nne za kuvuta, nane za kutoa. Ile ya kutoa ndiyo muhimu, maana moyo unapunguza mwendo mtu akitoa pumzi kwa muda mrefu. Wengi tunamwambia mtoto "vuta pumzi", naye anavuta, anavuta, mpaka kizunguzungu. Mwambieni atoe.

Faida ya bido ni kwamba sasa moyo kwenda mbio ni jambo la kila siku. Siku ya mtihani moyo ukidunda, mtoto anasema, "Ni kama nimetoka robineti." Anajua kwamba kwa moyo huo huo ameshaimba mara nyingi, na wimbo ulifika mwisho.

Zoezi la pili ni la kuanza. Mzee anasema wimbo mzima unategemea neno la kwanza, na watoto wanarudia wimbo wote mara ishirini lakini kuanza wanafanya mara moja tu. Kwa hiyo anamwita ghafla. Yuko anapika, anaitwa: anza! Anaimba mstari mmoja, anarudi jikoni. Ametoka kulala: anza! Na sauti ya kuanzia anaitafuta mwenyewe kwa kuguna kidogo mdomo umefungwa, kisha anashuka kidogo chini ya pale anapohisi ni sawa, maana anajua koo litamdanganya. Mwendo vilevile: hofu inakimbiza wimbo, basi anapiga mwendo kwa kidole gumba cha mguu ndani ya kiatu, mahali ambapo hakuna anayeona.

Zoezi la tatu ndilo lililotuchekesha. Wanaweka meza uani, viti vitatu. Yaya yake anakaa katikati, pembeni mama mmoja Mrundi wa nyumba ya mbele na mtoto wake. Wamepewa amri: msitabasamu. Binti anaingia kutoka barabarani, anasalimu, anataja jina, anaimba. Yaya anaandika bila kuinua kichwa. Anakohoa. Simu inalia. Mara nyingine, katikati ya ubeti, anasema "Asante, inatosha," maana hilo hutokea sana kwenye mitihani ya kweli, na mtoto asiyejua anafikiri ameshindwa. Wakati mwingi maana yake ni kwamba wameshasikia walichotaka, au kuna watoto wengi nje. Mtoto ajue hivyo kabla.

Wakamfundisha pia kupotea. Ndiyo, kupotea. Mzee anamwambia katikati, "Sahau maneno!" Naye anapaswa kuendelea na sauti peke yake, la la la, mpaka maneno yarudi. Anayesikiliza anaona makosa mawili tofauti: kusahau neno, na kusimama. La kwanza linasameheka.

Tulipomuuliza mzee haya ameyatoa wapi, alitupeleka kwa wenyeji wetu. "Tazama wapiga ngoma wa Burundi," alisema. Ni kweli. Ile ngoma ya kifalme, ambayo UNESCO iliiandika mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa dunia usioshikika, inapigwa na kundi, na katikati kuna ngoma moja, inkiranya, inayoongoza. Wapigaji wanakuja pale kwa zamu, kila mmoja na machezo yake, huku wenzake nyuma wanashikilia mdundo. Ukikosea, mdundo hauanguki. Korali zetu ni hivyo hivyo, alto akiyumba soprano anambeba. Shida ya mtihani ni kwamba mtoto aliyezoea kubebwa anasimama bila mtu nyuma. Kwa hiyo mdundo lazima aubebe mwenyewe, na hilo linajifunzwa taratibu: kwanza aimbe na mwingine mmoja, halafu yule mwingine anyamaze katikati, halafu peke yake.

"Mtu wa jaa ataimba nini?"

Kuna hofu moja bido haiwezi kuitibu, na binti aliitaja mwenyewe siku ya pili, akikunja nguo. Alisema siku ile ya mwaka jana kabla hata ya kuimba alishaanguka, pale alipotaja jina na mtaa. Aliona kama wale watu walitazamana. Mkimbizi. Mkongomani. Tena Buterere, kwenye jaa. "Mtu wa jaa ataimba nini?"

Hatukumwambia kwamba amekosea kuona. Pengine aliona vizuri. Kwenye orkestra nyingi kubwa za Marekani, tangu miaka ya 1970 walianza kuweka pazia kati ya mpigaji na wanaomsikiliza, wasijue ni mwanamke au mwanamume, mweupe au mweusi. Wengine wanatandika hata zulia ili viatu visimtaje mtu. Wasingeweka pazia kama macho hayangedanganya masikio. Mjini kwetu pazia hakuna.

Lakini jaa nalo si mwisho wa habari. Nairobi kuna jaa la Dandora, kubwa kuliko hili, na kando yake mtaa wa Korogocho. Huko mwaka 2008 Elizabeth Njoroge alianzisha kikundi cha watoto kinachoitwa Ghetto Classics, wakaanza kujifunza violini na tarumbeta kwenye uwanja wa parokia. Watoto wale waliwahi kupiga mbele ya Papa Fransisko, aliyefika Kenya mwaka 2015. Na sisi Wakongomani tuna Kinshasa, ambako Armand Diangienda, aliyekuwa rubani wa ndege, alianzisha mwaka 1994 Orkestra Simfonia ya Kimbangu. Ala zilikuwa chache kuliko watu, wakawa wanapokezana, violini moja inapita mikono mingi. Waya ya violini ikikatika walitumia ile ya breki ya baiskeli. Tunafikiri katika hali hiyo kila mtu alijifunza haraka kupiga mbele ya watu, maana aliyesimama anasubiri zamu alikuwa anakutazama.

Binti aliposikia ya breki ya baiskeli alicheka, akasema, "Hiyo sauti inatoka kweli?" Inatoka.

Tukamweleza pia habari ya Pablo Casals, na hii tunaiandika kwa urefu kwa sababu ni mtu ambaye wazazi wa kambini wangemwelewa. Alizaliwa Katalonia, Hispania, mwaka 1876. Alikuwa anapiga chelo, ile ala kubwa ya nyuzi ambayo mtu anaipiga kwa upinde akiwa amekaa, na katika zama zake wengi walisema hakuna anayemfikia. Mtu huyo aliogopa jukwaa maisha yake yote. Mwaka 1901 alikuwa California, akapanda mlima Tamalpais na rafiki zake. Jiwe likaporomoka likamponda vidole vya mkono wa kushoto. Alisimulia baadaye, uzeeni, kwamba wazo lake la kwanza lilikuwa kumshukuru Mungu kwa kuwa hatalazimika tena kupiga chelo mbele ya watu. Vidole vilipona. Akaendelea kupiga, na kuogopa, kwa zaidi ya miaka 60. Vita ya Hispania ilipoisha mwaka 1939, Casals naye alikuwa mkimbizi, upande wa Ufaransa, katika mji mdogo wa Prades. Huko alikusanya fedha na kuandika barua nyingi kwa ajili ya wenzake waliofungiwa kwenye makambi. Alifariki mwaka 1973 akiwa na miaka 96, hajarudi kuishi kwao.

Mama Fundi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza swali moja tu. "Na aliogopa mpaka uzeeni?" Ndiyo. "Basi mwanangu mzima."

Mayai, tangawizi na vidonge

Hapa tutasema wazi maana tumeona mambo. Kuna wazazi wanamnywesha mtoto yai bichi asubuhi ya kuimba. Nyuzi za sauti ziko kwenye njia ya hewa, na chakula kinapita njia nyingine. Yai haligusi sauti. Likiwa limeharibika litagusa tumbo, na hapo ndipo mtajua hofu ni nini. Tangawizi na asali havina ubaya, vinatuliza koo kidogo, lakini tangawizi kali kupita kiasi inakausha na kuchoma. Kinachosaidia sauti ni maji, tena ya tangu jana yake, kidogo kidogo. Maji ya dakika ya mwisho yanakupeleka chooni tu. Asubuhi ndizi na mkate vinatosha. Mtoto asiende na njaa, njaa na hofu vikikutana miguu inaisha nguvu.

La vidonge ni zito zaidi. Kuna dawa ya moyo na presha inayoitwa propranololi, ambayo baadhi ya wanamuziki wa Ulaya na Marekani wanaitumia kwa amri ya daktari ili moyo usiende mbio. Tumesikia kijana mmoja akishauriwa kununua vidonge vya namna hiyo sokoni. Msifanye hivyo! Mwenye pumu dawa hiyo inaweza kumfunga pumzi kabisa, na watoto wanaokohoa kwa moshi wa jaa wako wengi, wengine pumu yao haijawahi kupimwa. Pombe ya "kumtia moyo" kijana hatutaijadili hata.

Maneno ya nyumbani

Usiku wa mwisho kabla ya mtihani tulimsikia yaya akimwambia binti, "Ukiingia huko, utatutoa hapa." Alisema kwa upendo. Mama Fundi akamwita nje, wakaongea muda mrefu.

Sisi wazazi wakimbizi tuna tabia hii, na tuseme ukweli, tunaijua sababu yake. Tumepoteza vingi, kwa hiyo kila mlango mdogo tunautwika familia nzima. Mtoto anakwenda kuimba ubeti mmoja, mgongoni amebeba kodi ya nyumba, matumaini ya baba, na nchi ya tatu. Hakuna koo linaloweza kuimba na mzigo huo. Mama Fundi aliporudi ndani alimwambia binti maneno haya: "Kesho ukirudi, umeshika ama hukushika, kuna sambaza. Nimeshanunua." Ndagala wale, sisi tulikuwa tumewaona tayari kwenye sahani. Mtoto alilala.

Jambo jingine dogo ambalo lina utafiti nyuma yake. Mwaka 2014 mtaalamu wa Marekani, Alison Wood Brooks, aliandika juu ya majaribio ambayo watu walitakiwa kuimba mbele ya wengine, na mashine ikapima usahihi wa sauti. Kabla ya kuimba, kundi moja liliambiwa liseme kwa sauti kwamba lina wasiwasi, na jingine liseme kwamba lina hamu na msisimko. Wale wa hamu walipata asilimia 80 hivi, wale wa wasiwasi 53 hivi. Wanadai kumwambia mtu "tulia" ni kumwomba moyo usimame ghafla, wakati hamu na hofu zote zinakwenda na moyo wa mbio, kwa hiyo ni rahisi zaidi kubadilisha jina kuliko mwendo. Binti alilichukua hilo akalifanya la kwake. Hakusema "nina hamu". Alisema, "Nataka wasikie."

Siku yenyewe

Jumamosi mvua ilikuwa imenyesha usiku. Viatu viliingia kwenye mfuko, tukatembea na kandambili kwenye matope mpaka barabara ya lami, viatu vikavaliwa kule. Kitu kidogo, lakini mtoto anayeingia akifikiria matope ya viatu vyake hafikirii wimbo. Tulifika mapema, saa moja nzima, na hiyo nayo ilikuwa kosa, maana alikaa akisikia wenzake wakiimba kupitia mlango na kila mmoja alimwona bora kuliko yeye. Afadhali kufika dakika 20 kabla, na kukaa mbali na mlango.

Akatembea. Akaguna sauti yake ya kuanzia akitazama ukuta. Mikono ilikuwa baridi kabisa, mmoja wetu aliishika. Tukamkumbusha jambo moja tu, asikaze magoti, maana magoti yakikazwa kwa muda mrefu mtu anaweza kuzimia kweli, wanakorali mnajua. Akaitwa.

Tulikuwa nje, lakini dirisha lilikuwa wazi. Alianza chini. Chini kidogo kuliko nyumbani, tulitazamana. Ubeti wa kwanza sauti ilitetemeka, ilisikika wazi, kama kitambaa kwenye upepo. Kwenye wa pili alisahau neno moja, akapita juu yake na sauti tupu, akaliokota mbele. Kisha wakampigia makofi ya mdundo ayarudie, wakamwimbisha do re mi kupanda na kushuka. Ya mwisho, ile ya kusoma nota asizozijua, alishindwa, hakuna aliyemfundisha. Alitoka na uso umelowa jasho. "Nilitetemeka mpaka mwisho," alisema, na alikuwa anacheka.

Kuhusu matokeo: Jumatano karatasi ilibandikwa. Mama Fundi alitupigia simu tukiwa tumeshafika kambini. Jina liliandikwa vibaya, herufi mbili zimegeuzwa, alimwomba mlinzi amsomee mara mbili. Binti yuko kwenye orodha ya akiba, wa tatu. Wakitoka watatu ataingia, wasipotoka atarudi mwakani. Nota za kusoma ndizo zilizomrudisha nyuma, waliandika hivyo pembeni. Mzee wa korali amekasirika kuliko wote, na ameanza kuchora mistari mitano kwenye ubao wa mlango.

Jumamosi iliyofuata binti alikwenda hivyo hivyo, hakuitwa na mtu. Alikaa kwenye ngazi za nje kusikiliza wenzake wakifanya mazoezi. Karibu na mwisho msichana mmoja wa alto alitoka kunywa maji, akamwona, akamwambia aingie amshikie daftari.